Naomba ushauri: seva ya Lamu imeachwa nyuma na ya Malindi

Assalamu alaykum ndugu zangu, nimekwama.

Zahanati yetu ina seva mbili za MySQL 8.0 (programu ya hifadhidata): kuu iko Malindi, ya nakala, inayofuata mabadiliko ya kuu, iko Lamu. Intaneti ya Lamu ilikatika wiki nzima. Iliporudi, nakala ikagoma kwa kosa namba 1236: binlogi (faili za kumbukumbu za mabadiliko) inazozihitaji zimeshafutwa kwenye kuu, maana tuliziwekea siku 3 tu. Kuzima na kuwasha ripulikesheni (unakili wa mabadiliko kutoka kuu) hakukusaidia. Kuruka makosa sitaki kabisa. Hizi ni data za wagonjwa.

Hifadhidata ina GB 180 na kazi ni usiku na mchana, kwa hiyo siwezi kuifunga. Nafikiria kuchukua bakapu kwa XtraBackup (programu ya kunakili hifadhidata bila kuizima) huku kuu ikiendelea, niifunge kwa nywila kwenye diski, niende nayo kwa basi hadi Mokowe, kisha boti. Kwa mtandao huu haitafika. Binlogi nimeshaziongezea hadi siku 14.

Majedwali machache bado ni MyISAM (muundo wa zamani wa kuhifadhi jedwali, ambao hufungwa uandishi wakati wa kunakiliwa). Je, niyageuze kuwa InnoDB (muundo wa kawaida wa sasa) kwanza, ili bakapu isizuie uandishi kwa muda mrefu? Na GTID (namba ya kipekee ya kila muamala) hatujaiwasha: niiwashe kabla ya bakapu, au nitumie tu nafasi ya binlogi (mahali nakala itakapoanzia kusoma) ambayo XtraBackup itaiandika?