Mjadala: Je, wapangaji wawe na sauti nyumba ya zamani yenye ua inapotaka kubomolewa?

Hoja iliyo mbele yetu ni hii: mwenye nyumba ya zamani katikati ya mji wa Dodoma anapotaka kuibomoa ili ajenge ghorofa, je, wapangaji waliokaa humo miaka mingi wawe na haki yoyote ya kuitetea? Wachangiaji waliotangulia wamesema mali ni ya mwenye nyumba, basi. Mimi nawapinga, ingawa si kwa kila jambo.

Nazungumzia zile nyumba zilizozunguka ua, zenye mlango mmoja wa barabarani, vyumba vikitazamana, bomba na majiko yakiwa uani. Umbo hilo si geni kwa nchi hii ya upepo na vumbi, kwa maana tembe, nyumba ya asili ya Wagogo wa huku Dodoma, nayo ilikuwa na vyumba vilivyozunguka uwanja ambamo ng'ombe walilala. Ukibakiza ukuta wa mbele kwa ajili ya picha na kuujaza uwanja wa ndani majengo, hujahifadhi kitu.

Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inayalinda moja kwa moja majengo yaliyojengwa kabla ya mwaka 1863. Ya baadaye yanahitaji tamko la waziri. Mji wa Dodoma ulikua kwa kufuata Reli ya Kati, iliyojengwa na Wajerumani mwanzoni mwa karne ya 20, kwa hiyo nyumba tunazozibishania zilijengwa miongo kadhaa baada ya mwaka huo, na zimekosa ulinzi wa moja kwa moja. Kinachobaki ni mkataba wa upangaji, ambao mara nyingi ni karatasi moja, au maneno ya mdomo tu.

Nilipanga chumba katika nyumba ya namna hiyo, Uhindini, kwa miaka sita. Kila mwaka kabla ya mvua za Desemba tulichangishana fedha, tukazibua mfereji wa uani na kupulizia mchwa dawa, kwa sababu mwenye nyumba aliishi mbali na tulimwona wakati wa kodi. Mwaka mmoja alileta fundi akapiga lipu ya saruji juu ya ukuta wa udongo. Mzee mmoja, mpangaji wa siku nyingi, alimwonya kwamba ukuta ule hautapumua, yaani hautaweza kutoa unyevu, naye hakusikilizwa. Baada ya masika lipu ilivimba na kubanduka pamoja na udongo wenyewe.

Hata hivyo, nakubali kwamba tangu Serikali ihamie huku thamani ya viwanja imepanda, na si haki kumtaka mtu apokee kodi ndogo milele ili kulinda kumbukumbu zetu. (Wala simtetei mpangaji mwenye deni la miezi minane anayegundua thamani ya urithi siku ya kupewa notisi.) Ninachotaka ni kwamba, kabla ya kuuza au kubomoa, mwenye nyumba awape wapangaji nafasi ya kwanza ya kuinunua kwa pamoja, kwa bei ya soko. Tayari ipo sheria ya mwaka 2008 inayoruhusu watu kumiliki sehemu tofauti za jengo moja na kuchangia maeneo ya pamoja, na ua ungekuwa mojawapo.

Kuhusu muda wa kutafuta fedha, napendekeza miezi sita, ileile ambayo wenye nyumba wengi hutudai kodi yake kwa mkupuo.