Familia ya Katuba 🙏

Yaya Mado 6:12 Bandugu, mulilala muzuri? Dawa ya Papa nimeipata: asetilisisteini, 600 mg, vile vidonge vinavyochemka mu maji. Muuzaji anasema inatoka ku asidi amino, inasafisha mapafu na kutoa kutu yote ya mwili. Kila mutu 15 000 FC mbele ya saa sita.

Yaya Mado 8:40 Munasoma, munanyamaza. Naona alama za buluu.

Trésor 8:52 Kutu? Papa ni Land Cruiser? 😂

Junior 8:53 😂😂

Yaya Mado 8:55 Papa hakulala, wewe unacheka. Tuma.

Trésor 9:03 Ile ya jiwe pia tulituma ku namba hii hii, Yaya.

Yaya Mado 9:03 Usianze.

Junior 9:20 Nilifungua kimoja kwa Yaya. Kinanuka yai bovu 🤢

Nadège 13:27 Nilikuwa zamu. Harufu ni ya salfa, ni kawaida. Dawa si ya uongo: inalegeza makohozi, na hospitali tunamupa mutu aliyemeza parasetamoli kupita kiasi, bora mbele saa 8 hazijapita, ini lipone. Mwili unaitumia kutengeneza glutathioni, kitu kinacholinda chembe zake, njo hiyo "kutoa kutu" yake. Lakini Papa anaweka trinitrini, dawa yake ya moyo, chini ya ulimi. Zikikutana, presha inaweza kuanguka, kichwa kimupasuke. Na vya kuchemka vina sodiamu: tumemukataza chumvi, halafu tumunyweshe mu gilasi? Junior na pumu yako, usiguse. Tena, kikohozi cha wiki tano kinapimwa makohozi kwanza.

Yaya Mado 13:31 Muuzaji alisema haina mabaya, ni kama chakula tu.

Nadège 13:32 Muuzaji anamujua Papa?

Trésor 13:32 🔥

Papa 13:50 Batoto. Nimesoma yote. Kikohozi ni changu. Jiwe la mama yenu ni lenu. Mwaka wa pili huu, kaburi lake tunalitambua kwa kijiti.

Yaya Mado 19:48 Tumesikia, Papa. Nadège, kesho unamupeleka kupima saa ngapi?

Yaya Mado 20:05 Nadège?

Tantine Béa 20:15 Nimetuma 15 000. Ni ya nini, kumbe?

Yaya Mado 20:16 Iache kwanza, Tantine.