Mbuzi ya Faza

Kikundi: DAKA LA BABU

*Jumanne, baada ya Isha*

Ami Mokowe: Assalaam alaykum jamaa. Arobaini ya mzee ni Ijumaa hii. Hitma ya wanawake asubuhi nyumbani kwa mama, ya wanaume baada ya Alasiri. Wa Mombasa, pandeni basi kesho. Mkingoja Alhamisi mtafika Mokowe giza limeingia na maboti ya Lamu yamelala.

Shangazi Mombasa: Waalaykumu ssalaam. Tuko wanne, tunatoka alfajiri inshallah. Kahawa na tende ziko kwangu. Halwa?

Dada Shela: Halwa mimi. Nimeshaagiza.

Kaka Muscat: Mimi sikupata ruhusa kazini 😔 Nimetuma kidogo kwa Ami. Lakini nimeandika wasifu wa Babu, naomba usomwe siku hiyo:

"Marehemu alikuwa nguzo ya jamii, taa iliyomulika gizani, baba mwema, mwalimu wa walimu, mcha Mungu asiye na mfano. Alifundisha kwa zaidi ya miaka thelathini bila kuchoka. Ametuachia pengo ambalo halitozibika."

Ami Mokowe: Mashaallah.

Jirani Langoni: Mashaallah. Mola amrehemu mwalimu wetu.

Babu: pengo lisilozibika.

Kaka Muscat: 😳😳😳

Dada Shela: Astaghfirullah! Nani huyo??

Shangazi Mombasa: Jamani moyo wangu. Nimeangusha simu kwenye mchuzi.

Babu: Ni mimi, msiogope! Nalala kwa Bibi siku hizi za eda, na simu yangu imezima. Nilikuwa namsomea mnayoandika. Alipousikia wasifu akaniambia mwambie Kaka, babuye angesema "pengo lisilozibika". Ndiyo nikaandika. Sikujua jina litatoka Babu.

Dada Shela: Wewe mtoto utatuua.

Kaka Muscat: Mimi nimecheka halafu nimelia. Maana ndivyo alivyokuwa. Mnakumbuka nilipotangaza humu kuwa nimepata mtoto? Nikaandika "mimi na mke wangu tunafuraha sana". Jibu la kwanza kabisa, kabla ya pongezi ya mtu yeyote: "tuna furaha. Mbali mbali." Dua ya mtoto ilikuja baada ya dakika ishirini, mistari kumi, imetiwa na irabu.

Shangazi Mombasa: Mimi humu alinipata kwa "nime kuja". Akaniandikia: "nimekuja. Usilikate neno mguu."

Ami Mokowe: Na wewe ulikuwa na nafuu. Mnaikumbuka barua ya malipo yake ya uzeeni? Ofisi moja ilimwandikia barua ina makosa sita na jina lake limekosewa. Mzee akaisahihisha kwa kalamu nyekundu, akaitia bahasha, akawarudishia. Pesa zikakaa miezi minane. Nilimwambia baba, hawa watu wana pesa zako, usiwakasirishe. Akasema, "Wana pesa zangu, hawana lugha yangu."

Jirani Langoni: 😂 Huyo ndiye mwalimu.

Shangazi Mombasa: Sasa mwanangu wa Muscat, usikasirike nikwambie. Wasifu wako ni mzuri, lakini unaweza kusomwa juu ya maiti yeyote kutoka hapa mpaka Kiunga. Taa, nguzo, pengo. Babu yako yumo wapi humo? Andika alilolifanya.

Kaka Muscat: Nipeni basi. Mimi nilimjua akiwa mzee, ninyi mmelelewa naye.

Ami Mokowe: Andika alianza kazi 1966, akastaafu 1999. Ni miaka 33. Hiyo "zaidi ya thelathini" angekuuliza zaidi kwa ngapi.

Dada Shela: Andika nazi.

Kaka Muscat: Nazi?

Dada Shela: Wewe ulikuwa mdogo. Kila siku baada ya Alasiri Babu alikuwa akikuna nazi za Bibi. Mbili, na siku ya wageni nne. Fulana nyeupe, kikoi, amekalia mbuzi pale uwani, na sisi tumemzunguka na misahafu. Tunasoma Juzuu Amma kwa zamu yeye anakuna. Hatutazami. Hana hata fimbo. Lakini ukikosea irabu moja tu, mkono unasimama. Kile kishindo cha mbuzi kikinyamaza, uwanja mzima unajua kuna mtu amekosea, na aliyekosea anajijua. Unarudia. Ukipatia, kishindo kinaanza tena, kru kru kru. Mpaka leo nikisikia mtu anakuna nazi na akapumzika kidogo, nashtuka, natafuta nimekosea wapi.

Shangazi Mombasa: Umenikumbusha mbali. Na wanaume wa barazani walivyokuwa wakimsema! Mwanamume mzima, mwalimu wa serikali, amekalia mbuzi. Yeye hajibu. Akimaliza anasimama, anapangusa machicha kwenye vidole, anatia kanzu, anaondoka kwenda msikiti wa Riyadha.

Jirani Langoni: Naomba nami niseme, ingawa si wa damu. Mwaka 1985 ulipoingia mfumo wa elimu wa 8-4-4, Kiswahili kikawa cha lazima na kikaanza kutahiniwa. Enzi za mtihani wa CPE hakikuwamo. Sisi watoto wa Lamu tukashangilia, tukaona alama zimeshatujia nyumbani zenyewe. Mtihani wa majaribio wa kwanza ukarudi mwekundu kama damu ya Idi. Tumeandika "mato", tumeandika "yana", "mtele", "ndia". Wengine tulilia. Tumeanguka Kiswahili, sisi!

Mwalimu hakutucheka. Alipiga mstari wa chaki katikati ya ubao. Huku akaandika mato, kule macho. Huku yana, kule jana. Akaendelea mpaka ubao ukajaa. Kisha akasema: "Hiki ni cha mamako, hiki ni cha mtihani. Atakayekitupa kimoja namrudisha darasa la kwanza." Na alikuwa na macho ya kufanya hivyo.

Ami Mokowe: Hapo umesema. Tia hiyo, Muscat. Tia na mgomo wa walimu wa 1997. Mzee aligoma, hakukanyaga shule hata siku moja, mwanachama kamili. Lakini saa mbili asubuhi daka letu pale mlangoni limejaa watoto na ubao umeegemezwa ukutani. Wenzake wakaja kumuuliza, mbona unatuvunja? Akawaambia, "Shule ni ya serikali, nimegoma. Daka ni langu."

Shangazi Mombasa: Msimpambe sana lakini. Nilipokuwa bweni niliandika barua nyumbani, nalia, nataka kurudi, nimekonda. Alinirudishia barua ile ile imesahihishwa. Alama kumi na tatu juu ya ishirini. Mama ndiye aliyetia noti ndani. Likizo nikaja sisemi naye. Hakuniomba radhi, alikuwa hajui kuomba radhi kwa mdomo. Lakini likizo nzima kila usiku nakuta wali wangu umepikwa kwa tui la kwanza peke yake, zito. Nilijua ni nani aliyelikamua.

Kaka Muscat: Hiyo niiandike?

Shangazi Mombasa: Iandike.

Ami Mokowe: Jambo jingine, kabla sijasahau. Huyu mtoto ametushtua leo, lakini tujadili. Namba ya mzee tuitoe kikundini? Mimi ndiye msimamizi na mkono haujanyanyuka.

Dada Shela: Ami, tungoje hata eda iishe.

Babu: Ngojeni. Bibi anasema jambo. Ameniambia niandike vile vile anavyosema, kwa hivyo msinisahihishe.

Babu: "Musiitoe. Simu ni yake, na mimi hapa ndimo ninamowasikia. Na nyote mumetaya nazi, hapana aliyetaya mbuzi imetoka wapi. Ilikuwa mwaka wa 69, ndoa yetu haiyatimiza mwaka. Yeye kapelekwa Faza, mimi niko hapa kwa mavyaa. Ikaya barua na jahazi. Mimi herufi za kizungu nalikuwa sizijui, akinandikia kwa herufi za chuoni. Imeandikwa, nimetoka (nimechoka) kula wali mkavu, niletee mbuzi kwa jahazi la kwanda. Nikamsomea bavyaa. Bavyaa akasema, ni mwalimu mgeni mjini kwa watu, ataka kuwakirimu. Akatoka akanunua beberu, ndevu hizi. Nahodha akamfunga mlingotini. Kufika Mkandani mai yametoka, jahazi likakaa, wakangoja mai yayae. Katika kungoja, beberu akatafuna mkeka wa nahodha nusu nzima. Walipofika Faza mwalimu yuko ufuoni, ameshapasua nazi, kizio kimoya mkono huu na kizio mkono huu, yuangoja mbuzi yake."

Kaka Muscat: 😂😂😂😂

Ami Mokowe: Hii sijaisikia miaka yangu yote hamsini.

Babu: "Hakuitaya kwa kuwa nahodha alimdai mkeka. Jahazi likarudi na barua ya pili. Haina salamu, haina dua. Maneno matano: Mbuzi amefika salama. Mbuzi haijafika."

Jirani Langoni: Subhanallah. SUBHANALLAH. Jamaa, sentensi hizo nazijua! Kila mwaka tukifika somo la ngeli alikuwa akiziandika ubaoni, hizo hizo, tunakili. Mimi nilidhani zimetoka kitabuni.

Shangazi Mombasa: Kwa hiyo sote tumepigwa kalamu nyekundu maisha yetu kwa sababu ya beberu mmoja.

Dada Shela: Na beberu akaishia wapi?

Babu: Anasema alichinjwa Faza siku watoto wa chuo walipohitimu, na mbuzi ya kukunia ikapelekwa jahazi la pili. Ndiyo ile ile ya uwani. Mguu umebadilishwa mara mbili, chuma ni kile kile.

Babu: Na barua ya kwanza iko! Ametoa kwenye kasha. Natuma picha. [picha]

Babu: Nimejaribu kuisoma. Herufi zote nazijua lakini nikasoma "nakuba salamu". Bibi amecheka mpaka akakaa chini. Kumbe zamani p na b waliandika kwa herufi moja. Anasema soma unavyosema, usisome unavyoona.

Kaka Muscat: Haya. Nafuta ule wasifu wote. Naanza upya usiku huu.

Ami Mokowe: Usisahau wageni wa Maulidi. Kila Mfunguo Sita kitanda chake analala Mngazija au mtu wa Unguja, yeye na mkeka wake juu ya dari, umande unamnyea. Ukimhurumia anakwambia, "Mgeni wa Mtume huyu, si wangu."

*Ijumaa, baada ya Maghribi*

Ami Mokowe: Alhamdulillah, imesomwa. Watu walijaa mpaka ndiani. Nilisoma mimi mwenyewe, kaka yenu hayupo. Nilipofika "mbuzi haijafika" safu ya wazee mbele wakainamisha vichwa, mabega yanatikisika. Nahodha mmoja mzee akasema kwa sauti, "Ule mkeka ulikuwa wa babangu."

Kaka Muscat: Wallahi?

Ami Mokowe: Wallahi. Nimemwambia aje nyumbani achague mkeka.

Kaka Muscat: Na makosa? Kulikuwa na makosa?

Jirani Langoni: Moja. "Ali kuwa" umeandika mbali mbali. Nililirekebisha kwa kalamu kabla Ami hajasoma. Unisamehe, mkono ulikwenda wenyewe.

Shangazi Mombasa: Wanawake tumemaliza salama. Wali umetosha, umebaki na wa majirani. Mama amekula kidogo leo, mara ya kwanza namuona anamaliza sahani.

Babu: Bibi anauliza mbuzi iko kwa nani.

Dada Shela: Iliondoka na masufuria ya jirani, nafikiri.

Jirani Langoni: Iko kwangu. Nitaileta kesho asubuhi.

Babu: Anasema leo.

Jirani Langoni: Naileta sasa hivi.