Naomba ushauri: kompaila ipi inafaa Pentium III yenye RAM ya megabaiti 128?

Mwalimu wa Muheza

Ndugu wanajamvi, habari za majukumu. Ninafundisha hisabati katika shule ya sekondari wilayani Muheza, na jioni ninasimamia klabu ya kompyuta ya wanafunzi wa Kidato cha Tatu. Tunazo kompyuta 11 za mitumba, zote za Pentium III, zenye RAM ya megabaiti 128 na diski ya gigabaiti 10, nazo zinatumia Debian ya zamani, aina mojawapo ya mfumo endeshi wa Linux. Intaneti hatuna, hivyo kila kitu hutufikia kwa flashi.

Nimekuwa nikifundisha lugha ya programu ya C++ kwa GCC, ambayo ni kompaila, yaani programu inayogeuza msimbo kuwa lugha ya mashine. Mwanafunzi akisahau nuktamkato moja katika programu ya mistari 20, diski hukwaruza kwa muda mrefu kabla hajaambiwa kosa lake, na mara nyingine umeme hukatika akiwa bado anasubiri. Inaniuma kuona mtoto aliyekuja na ari anaondoka baada ya majaribio matatu tu kwa jioni nzima. Je, ipo kompaila ndogo itakayoziweza mashine hizi? Nimesikia habari za TCC, kompaila ya lugha ya C, na Free Pascal, ya lugha ya Pascal, na mwenzangu mmoja ananishauri nihamie lugha za Go au Rust.

Fundi Mitumba

Mwalimu, heshima yako. Kabla hujaiondoa GCC, tutazame kwanza mzigo unatoka wapi. Mstari mmoja wa #include <iostream> huvuta maelfu ya mistari ya maktaba ya C++, na GCC huisoma yote upya kila mwanafunzi anapokompaili, hata kama programu yenyewe inaandika jina lake tu kwenye kioo. Programu hiyohiyo ikiandikwa kwa C, kwa faili la maktaba la stdio.h, ni nyepesi mno. Vilevile zima mazingira ya madirisha na ufanye kazi kwenye konsoli tupu, yaani skrini ya maandishi pekee, kwa kuwa katika megabaiti 128 kila kinachofunguka kinaipokonya kompaila nafasi. Ikiwa umeweka chaguo la -pipe, liondoe, maana huifanya kompaila na asembla (inayokamilisha kugeuza msimbo kuwa lugha ya mashine) vikae kwenye RAM kwa wakati mmoja.

Kuhusu Go na Rust, nakushauri usipoteze muda. Pentium III haina maagizo ya SSE2 (ya kichakato kufanyia hesabu za desimali), ambayo yalikuja na Pentium 4. Go, tangu toleo la 1.16 la mwaka 2021, inayahitaji, vinginevyo hesabu za desimali zifanywe kwa programu, jambo ambalo ni la polepole sana. Rust ya kawaida ya biti 32 nayo inayategemea, na kompaila yake ina njaa kubwa ya RAM.

Binti Msimbo

Mimi ningeanza na TCC, kazi ya Mfaransa Fabrice Bellard. Kompaila, asembla na kiunganishi (kinachounganisha msimbo na maktaba) vyote vimo ndani ya programu moja ya kilobaiti mia chache, nayo husoma msimbo mara moja tu na kutoa lugha ya mashine papo hapo. Bellard alipoipima kwa kukompaili kivinjari cha Links, ilikuwa na kasi ya takriban mara tisa ya GCC isiyoboresha msimbo. Mwaka 2004 alionyesha pia kwamba TCC inaweza kukompaili kiini cha Linux na kukiwasha kwa chini ya sekunde 15 kwenye Pentium 4. Mwanafunzi ataandika tcc -run zoezi.c, na programu itaendeshwa bila kuacha faili lolote la ziada.

Fahamu tu kwamba haikompaili C++, na husimama kwenye kosa la kwanza inalokutana nalo. Katika Debian utahitaji pia kifurushi cha libc6-dev, chenye maktaba ya C, kwa hiyo kibebe kwenye flashi hiyohiyo ili usije ukarudi mjini kukifuata.

Mzee Konsoli

Binti amesema kweli, lakini mwalimu anafundisha wanaoanza, na kwao kasi ni nusu ya jambo. Turbo Pascal 3 ilikuwa na kihariri na kompaila ndani ya faili lisilofika kilobaiti 40, na wengi wa rika langu tulijifunzia hapo. Free Pascal ya leo ni kubwa zaidi, ila bado ni nyepesi, inakuja na kihariri kinachofanana na kile cha zamani ndani ya konsoli, na inaendelea kutaja makosa mengine baada ya kulikuta la kwanza. Washa -Cr ili ikague mipaka ya safu, yaani orodha ya thamani, programu isisome nje yake. Kwenye Linux hutumia kiunganishi cha ld, kwa hiyo usisahau kifurushi cha binutils.

Binti Msimbo

Shikamoo Mzee. TCC nayo ina chaguo la -b la kukagua mipaka, ingawa nakubali kwamba mwanafunzi atakumbuka kuliweka mara chache.

Mwalimu wa Muheza

Ndugu zangu, ninawashukuru kwa dhati. Jana nimeziweka zote mbili kwenye kompyuta moja, nikazima madirisha, kisha nikampa msichana mmoja zoezi la kujumlisha alama za wanafunzi 40. Kitanzi chake, yaani sehemu ya programu inayojirudia, kilifika 41. Kwa TCC, bila -b, jibu lilitoka mara moja, likiwa na namba ya ajabu ambayo yeye aliiamini. Kwa Free Pascal programu ilisimama na kuandika Runtime error 201 (kosa la kuvuka mipaka), naye akarudi kwenye kitanzi chake na kuliona kosa mwenyewe, bila mimi kusema neno.

Kwa hiyo kompyuta 8 zitatumia Free Pascal, nami nitaweka -Cr kwenye faili la mipangilio la fpc.cfg ili asiwepo wa kuisahau. Tatu zilizobaki nitawaachia TCC vijana wanaojiandaa kusomea kompyuta chuoni, maana huko watakutana na C. Mzee Konsoli, ikiwa bado unayo mazoezi uliyojifunzia wakati huo, ninakuomba uyaweke hapa jamvini.