Miaka 8 napuliza tarumbeta Mwanza, sasa mdomo umegoma. Niende Dar au niingie kwenye dagaa?

Mpuliza_Igoma: Wangaluka wakuu. Mi ni mpiga tarumbeta, yaani ndo kazi inayonilisha, nipo na kundi la matarumbeta hapa Mwanza mwaka wa 8 huu, kama ushawahi kukutana na kirikuu kinaongoza msafara wa harusi pale Buzuruga watu wamesimama nyuma wanapuliza basi huenda na mimi nilikuwemo. Sasa jana tulikuwa na harusi Kishiri, tumeanza saa 8 mchana saluni kumchukua bibi harusi, tukaenda picha kule ziwani kwenye mawe, afu ukumbini mpaka saa 5 usiku. Saa 3 maharusi wanaingia, mi ndo naongoza, napanda juu sauti ikakata, ikatoka hewa tupu kama tairi ya baiskeli. MC akacheka kwenye maiki kabisa. Mdomo wa juu umechanika kwa ndani, nilikuwa nasikia ladha ya damu.

Kundi linachukua laki 4, mi napewa elfu 25. Kuna bendi ya dansi Dar imeniita nikajaribiwe mwezi ujao. Wife anasema niachane na hizo kelele niingie kwenye dagaa pale Mwaloni, shemeji ana mzigo unatoka Ukerewe. Nina miaka 31. Ushauri jamani, matusi sitaki.

Bajaji_Nyeusi: Pole mkuu ila hapo kwenye tairi nimemwaga chai. Dagaa zina hela bana, ila siku mvua ikikukuta umeanika utaikumbuka hiyo elfu 25.

Mzee_wa_Pistoni: Mdogo wangu mimi nimepuliza kwenye bendi miaka 22 mpaka nastaafu, ya Dar weka pembeni kwanza. Ukichoka huwa unafanyaje? Najua, unaivuta tarumbeta na mkono unakandamiza mausipisi, kile kikombe cha chuma cha kupulizia, kwenye meno ili ya juu itoke. Inatoka kweli, ila mdomo ni msuli, ukiubana kati ya chuma na meno damu haipiti, ndo maana unavimba na kuchanika. Louis Armstrong, yule mpiga tarumbeta wa jazz wa Marekani, alipiga hivyo hivyo mpaka mdomo ukamharibikia miaka ya 1930, leo madaktari wenyewe msuli huo ukikatika wanaita ugonjwa wa Satchmo, lile jina lake la utani. Freddie Hubbard naye, mpiga tarumbeta mwingine wa jazz, mtu alikuwa anatisha yule, 1992 mdomo ukampasuka akaendelea kupiga shoo, kidonda kikaingia uchafu, hakurudi tena kuwa yule.

Sauti ya juu inatoka kwenye pumzi na pembe za mdomo kukaza, mkono kazi yake kushika tu. Asubuhi piga sauti moja ndefu ya chini, polepole, afu pumzika muda ule ule uliopiga. Ila sio sasa hivi, kidonda kipone kwanza.

MamaJunior_Nyegezi: Kaka huko Dar watakuwekea karatasi, unasoma nota za mistari au ni do re mi kama sisi wa kwaya? Afu tarumbeta zenu nyingi ni za Bi flati, yaani sauti inatoka hatua moja chini ya nota unayoshika, gitaa likiwa kwenye C wewe vidole vyako ni vya D. Kwenye harusi hakuna anayejali maana mko nyie na ngoma zenu, kwenye bendi yenye gitaa na kinanda ukikosea hapo hata mhudumu wa vinywaji atageuka.

Mnyonge_Kirumba: Mi nishaitwaga hivyo hivyo, mpiga besi. Hakuna aliyeniambia napewa mshahara au kwa shoo, miezi mitatu nalala stoo na maspika. Uliza kabla hujakata tiketi ya basi, na wakikujibu utakuja tu tutaongea, ujue hamna kitu.

Mpuliza_Igoma: Nashukuru sana. Dada nota za mistari sijui, najua do re mi tu, na hilo la C na D nlikuwa nafanya kwa masikio bila kujua lina sababu. Mzee umenisema mimi mtupu, navuta mpaka mkono wa kushoto unauma.

Mzee_wa_Pistoni: Chukua kioo. Ile alama ya pete ya mausipisi hapo mdomoni ipo au imefutika?

Mpuliza_Igoma: Saa hizi ni saa 10 jioni. Ipo mzee. Toka jana.

Mzee_wa_Pistoni: Basi Jumamosi huendi kwenye harusi yoyote.

Mpuliza_Igoma: Jumamosi nishachukua advansi elfu 10.

Mzee_wa_Pistoni: Rudisha.