Naomba ushauri: tao linatoboa upande mmoja tu wa ukuta

Habari zenu wakuu. Nachora nyumba kwenye kompyuta na leo ni siku ya tatu nimekwama kwenye tao moja la kutoka sebuleni kwenda kwenye korido. Upana wake ni mita 1.8, mpindo umepanda sentimita 30, kwa hiyo nusu kipenyo ni mita 1.5. Hesabu nimeirudia kwenye karatasi, haina shida.

Shida ni kwamba nikilitazama upande wa sebule kwa mwonekano wa 3D, tao limekaa vizuri kabisa. Nikizungukia korido, ukuta mzima, hakuna hata tundu!

Nashuku kuna kuta mbili zimelaliana. Nilichora ukuta wa sentimita 15, baadaye nikapitisha wa korido palepale bila kufuta wa kwanza (uvivu, nakiri). Nimejaribu kufuta mmoja, lakini pale kuta zinapokutana kama herufi T panaachia, unabaki mwanya mwembamba kama uzi unaopitisha mwanga. Nikivuta ncha ya ukuta kwa mausi, inarukia mstari wa gridi (ile mistari ya miraba ya kuongozea mchoro) na kupitiliza.

Mpindo nao una kona kona badala ya kuwa laini, ila hilo linaweza kusubiri.

Je, nizime gridi niandike urefu wa ukuta kwa tarakimu, au nifute kuta zote za kona hiyo nianze upya? Aliyewahi kuunganisha kuta namna hii bila kupoteza tao anielekeze tafadhali.