George Washington Carver: sifa ya karanga ni haki yake, au imemfunika?

Wakuu, naomba hili tulijadili bila ushabiki. Kila ifikapo Februari, mwezi ambao Wamarekani weusi huadhimisha historia yao, picha ya George Washington Carver, mwanasayansi mweusi wa kilimo wa Marekani, husambaa na maelezo yale yale: alizaliwa mtumwa, akavumbua siagi ya karanga, akagundua matumizi 300 ya karanga, akaiokoa Marekani ya Kusini. Siku hizi wamejitokeza na wa upande wa pili, na wana hasira. Wanasema hayo yote yametiwa chumvi, kwamba Carver hakuvumbua lolote la maana, na kwamba wazungu walimpamba kwa sababu alikuwa mpole na hakuwahi kuwasumbua na habari za ubaguzi.

Mimi ni mpenzi wa Carver, nalisema wazi mapema. Lakini wapingaji wana kweli nyingi, tusiwazibe mdomo. Siagi ya karanga si yake. Marcellus Gilmore Edson wa Canada alipata hataza (hati ya kumiliki uvumbuzi) ya karanga zilizosagwa mwaka 1884, wakati Carver bado ni kijana anayehangaika na shule huko Kansas. John Harvey Kellogg naye aliomba ya kwake 1895. Hataza za Carver ni 3 tu, kati ya 1925 na 1927, za vipodozi na rangi, na hakuna iliyozaa biashara kubwa. Ile orodha ya vitu 300 nayo, ukiipitia, vingi ni mapishi, vingine vilikwishajulikana, na kanuni za kuvitengeneza hakuziandika ila chache mno. Mwaka 1924 alisimama kanisani New York akasema vitabu haviingii katika maabara yake, Mungu humfunulia la kufanya. New York Times ikamjia juu kwa tahariri kwamba wanasayansi hawasemi hivyo. Hapo gazeti lilikuwa na hoja, maana jambo la maabara ambalo mwingine hawezi kulirudia akapata matokeo yale yale linabaki kuwa simulizi.

Sasa, anayefunga faili hapo amemhukumu Carver kwa kazi ambayo haikuwa kazi yake kubwa. Alisomea mimea na kuvu katika chuo cha kilimo cha Iowa pale Ames, chini ya Louis Pammel, akapata shahada ya uzamili 1896. Alikuwa mwanafunzi wa kwanza mweusi chuoni hapo, kisha mwalimu wa kwanza mweusi. Angeweza kukaa na hadubini yake maisha yote. Mwaka huo huo akakubali mwito wa Booker T. Washington, mkuu wa chuo cha weusi cha Tuskegee, akahamia huko Alabama, na huko alikaa hadi alipofariki Januari 5, 1943.

Tuangalie alichokikuta. Ardhi ilikuwa imelimwa pamba mfululizo mpaka imechoka, na mvua ilikuwa inaisomba. Mkulima mweusi kwa sehemu kubwa hakuwa na shamba: alilima la mwenye ardhi na kugawana naye mavuno. Mbegu, mbolea, unga wa mahindi na mafuta ya nguruwe alikopa dukani kwa riba kali, akiweka rehani pamba ambayo bado haijaota. Mwenye duka hakutaka zao jingine, maana pamba ndiyo aliyoweza kuiuza. Msimu ukiisha, hesabu anaiandika mwenye daftari. Mtu wa namna hiyo ukimwambia anunue mbolea ya viwandani, unamwongezea deni.

Hapa ndipo ninapomwona Carver mkubwa kuliko karanga zake. Alitafuta maarifa yasiyo na bei. Kijarida cha kwanza cha kituo chake cha utafiti, mwaka 1898, kilihusu kulisha mifugo kokwa za mwaloni zilizoanguka bure msituni. Akafundisha kuzoa majani makavu na tope jeusi la mabwawani kurutubisha shamba, kupanda kunde ili zirudishe naitrojeni ardhini, kulima viazi vitamu, kula mboga za porini, na kupaka nyumba rangi iliyotokana na udongo wa Alabama wenyewe. Mwaka 1906 lilianza kuzunguka vijijini gari la kukokotwa na wanyama, lililolipiwa na tajiri wa New York, Morris Jesup. Lilibeba majembe, mbegu na vyombo vya maziwa, na somo lilitolewa pale pale shambani kwa mtu. Mwaka huo huo Thomas Campbell, mwanafunzi wa Tuskegee, akaajiriwa na wizara ya kilimo kulisimamia, bwana shamba wa kwanza mweusi wa serikali ya Marekani.

Kwa hiyo mtu akiniambia kijarida cha 1916 chenye njia 105 za kuandaa karanga ni “mapishi tu”, namwuliza kiliandikiwa nani. Kiliandikiwa mama wa nyumba ambaye watoto wake wanakula unga wa mahindi, mafuta ya nguruwe na molasi mwaka mzima, huku fukusi wa vitumba, mdudu anayeharibu pamba, amekwisha kuingia Alabama na pamba yenyewe haina uhakika. Mapishi ndiyo yaliyokuwa dawa.

Suala la upole. Mtoto huyu alizaliwa karibu na 1864 katika shamba la Moses Carver, aliyemmiliki mama yake, huko Missouri. Angali mchanga, majambazi walimteka pamoja na mama yake, Mary. Mtoto akapatikana, na Moses akampa farasi aliyemrudisha, kama malipo. Mama hakuonekana tena. Mwaka 1879, huko Fort Scott, Kansas, Carver alishuhudia umati ukimuua mtu mweusi, akauhama mji. Chuo kimoja cha Kansas kilimkubali kwa barua, kikamkataa kilipouona uso wake. Na mwaka 1902, akiwa Ramer, Alabama, mpigapicha mzungu, Frances Benjamin Johnston, alifika usiku akiwa pamoja na mwalimu mweusi, ili apige picha shule ya weusi. Wazungu wa pale wakachachamaa na risasi zikalia. Carver alitembea usiku kucha kujinusuru, kisha akamwandikia Washington kwamba hakujua kama angerudi Tuskegee akiwa hai.

Mtu aliyepitia hayo akachagua kutopiga kelele hadharani, mimi siwezi kumwita kibaraka. Carver huyo huyo alipambana na Washington kwa miaka kuhusu banda la kuku na mamlaka ya idara, akitishia kujiuzulu mara kwa mara. Na NAACP, waliokuwa mstari wa mbele kupambana na ubaguzi, ndio waliompa nishani ya Spingarn mwaka 1923. Hata hivyo sikatai kwamba ukimya wake ulitumiwa. Alipokwenda mbele ya kamati ya Bunge mwaka 1921 kutetea ushuru wa karanga kutoka nje, mbunge mmoja alimtania kwa tikitimaji, kejeli ya kibaguzi isiyofichika. Akaendelea na maelezo yake, dakika 10 alizopewa zikaongezwa, na alipomaliza wakampigia makofi. Wafanyabiashara wa karanga walifurahi. Mkulima wa kugawana mavuno alipata nini katika ushuru ule?

Hilo ndilo linalonikera, na sijaona watu wakilizungumza vya kutosha. Mwaka 1920 Marekani ilikuwa na wakulima weusi wapatao 925,000. Sensa ya kilimo ya 2017 iliwakuta chini ya 50,000. Walihama kukimbia ubaguzi, walisukumwa na matrekta, walinyang'anywa ardhi, na walinyimwa mikopo na wizara ile ile ya kilimo, hadi kesi ya Pigford, ambamo wakulima weusi waliishtaki wizara hiyo, ikamalizwa kwa makubaliano ya fidia mwaka 1999. Udongo waliufahamu, Carver aliwafundisha. Hati ya ardhi na daftari la deni vilibaki kwa wengine.

Wala tusione ni mambo ya mbali. Mwaka 1924 tume ya elimu ya mfuko wa Kimarekani wa Phelps-Stokes, akiwemo James Aggrey, msomi wa Gold Coast (Ghana ya leo), ilipita Afrika Mashariki ikipigia debe elimu ya mfano wa Tuskegee, na mwaka uliofuata shule ya Jeanes, ya kufunza walimu wa vijijini, ikafunguliwa Kabete, Kenya. Serikali za kikoloni zilipenda elimu ya jembe ambayo haiulizi shamba ni la nani.

Msimamo wangu ni kwamba Carver alikuwa mwanasayansi wa kweli wa ugani, yaani wa kumfikishia mkulima maarifa, tumwondolee uvumbuzi asioufanya, na lawama ya ardhi iende kwa walioishika. Nawasubiri wanaopinga, hasa mabwana shamba na mabibi shamba mlioko kazini: unapomfundisha mboji mkulima aliyekodi shamba la msimu mmoja, huwa anakuelewa vipi, na nani anakula rutuba hiyo mwaka unaofuata?